Uliza Fundi: Rigi za Samaki Wakubwa Ufukweni

Maswali ya safari hii ni ya rigi, yaani ule mpangilio wa ndoana, chubwi (uzito wa kuzamisha) na vipande vyake unaofungwa mwisho wa mshipi, na karibu yote yana kilio kimoja, samaki mkubwa kashika afu kaondoka na kila kitu. Yanayofanana nimeyaunganisha, na kuna moja nimelijibu kwa kirefu kuliko mengine kwa sababu ndo mzizi wa yote.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi navua kwa fimbo ya mita 4, mshipi wangu ni braidi (ule wa nyuzi zilizosukwa) yenye nguvu ya pauni 50, nimeifunga moja kwa moja kwenye swiveli, kile kiungo cha chuma kinachozunguka. Wadogo natoa vizuri tu, ila kila akishika mkubwa nabaki na mshipi mtupu. Nilianza na pauni 30 nikapanda 50, sasa jamaa wananiambia niende 80. Niende?

JIBU: Marahaba. Usiende kwanza. Kabla hujanunua chochote nataka uangalie ile ncha ya mshipi iliyobaki, maana watu wengi samaki akikata wanatukana wee afu wanafunga rigi nyingine hapo hapo bila hata kuitazama, na ile ncha ndo shahidi pekee uliyenaye. Ikiwa ni nailoni na imejikunja vipete vipete kama springi, fundo limeteleza, hapo hujakatwa na samaki bali umejikata mwenyewe. Ikiwa imekatwa safi kama kwa wembe hilo ni jino. Ikiwa kipande kizima cha kabla ya ncha kimepauka, ukipitisha kucha unasikia kinakwaruza, mshipi ulisuguliwa na mwamba, au chaza, au ngozi ya papa, na ngozi ya papa ni msasa kabisa, mpapase kuanzia mkiani kwenda kichwani utanielewa. Sasa kila ugonjwa hapo una dawa yake, na braidi nene zaidi haitibu hata mmoja.

Braidi ni nyembamba na haivutiki, ndo uzuri wake na ndo ubaya wake. Ukiivuta moja kwa moja ina nguvu kwelikweli, ila ikigusa jiwe huku imekazwa inakwisha mara moja, iwe 50 iwe 80. Kwa hiyo kati ya braidi na rigi weka lida, yaani kipande cha mono nene, ile nailoni ya uzi mmoja. Lida ina kazi mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kubeba kishindo cha kurusha, na hapo hesabu inayotumika ni pauni 10 za lida kwa kila aunsi ya chubwi, aunsi moja ni gramu 28, kwa hiyo chubwi la gramu 140 linataka lida ya pauni 50, la gramu 170 linataka 60. Hii hesabu usiichezee, maana chubwi likikatika hewani linaruka kwa kasi ya kuua mtu na ufukweni kuna watoto na wanaotembea zao. Pia braidi iliyoshika chembe za mchanga inakata kidole wakati wa kurusha, lida inakukinga na hilo.

Urefu wake: fimbo ikiwa tayari kurushwa, chubwi linaning'inia, lida itoke kwenye rigi ipite pete zote mpaka kwenye rili, ile mashine ya kukunjia mshipi, na izunguke spuli, gurudumu lake, mara 5 au 6. Kwa fimbo yako hiyo weka mita 8 mpaka 10 utakuwa salama. Kazi ya pili ni kusuguliwa, na hapo hesabu ya chubwi haihusiki tena, unaangalia samaki. Kwa kolekole wakubwa, chewa na taa mi siweki chini ya pauni 80, hata kama chubwi ni dogo. Kwa papa lida inatakiwa iwe ndefu kumzidi papa mwenyewe, tena sana, kwa sababu akigeuka kukimbia mkia wake unaupiga mshipi kila anapoogelea, na sehemu inayopigwa ikiwa braidi basi ndo kwaheri.

Sasa fundo la kuunganisha braidi na lida. Linalopita kwenye pete bila kugonga ni lile linaloitwa FG. Lida unaikaza, mi naifunga kwenye goti au kwenye kishikio cha ndoo nzito, afu braidi unaizungusha juu yake mara huku mara kule, kama mizunguko 20, kila mzunguko ukae kando ya mwenzake usipande juu. Funga na vifundo nusu viwili vya kushikilia, lowesha na mate, halafu vuta kwa nguvu, sio kwa upole, vuta kwelikweli ukiwa umevaa glavu au umeuzungusha mshipi kwenye kipande cha mti. Angalia rangi. Braidi ikishaing'ata lida inageuka, inakuwa nyeusi zaidi na kama imelowa, mizunguko inabanana mpaka huioni mmoja mmoja. Isipogeuka rangi bado haijashika, na ukirusha hivyo itateleza, kata anza upya. Ikishageuka malizia na vifundo nusu vingine vya braidi, kisha kata mkia wa lida, yaani ncha iliyobaki, karibu kabisa.

Kama FG inakushinda, na usiku wa upepo inamshinda kila mtu, funga fundo la uni kwa uni, ni mafundo mawili yanayokazana, upande wa braidi mizunguko 8 na upande wa lida 4. Ni nene zaidi, utaisikia ikigonga kwenye pete, lakini inafungika gizani. Kwenye spuli hakikisha fundo linalala pembeni mbali na kidole chako. Na kila fundo ufungalo maishani mwako lilowesha kabla ya kukaza, nailoni kavu ikisuguana inapata joto na kudhoofika pale pale kwenye fundo.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nimechanganyikiwa na aina za rigi, kuna ya chubwi linaloteleza, kuna ya matawi mawili, kuna ile sijui inanyanyua chubwi. Ninapovulia ni mchanga upande mmoja, ukisogea kidogo ni miamba. Nibebe zote?

JIBU: Dada yangu beba mbili. Ya matawi mawili waachie samaki wa kukaanga, kwa mkubwa ni balaa, ndoana moja iko mdomoni mwake na ya pili inatafuta mwamba wa kushika, na ukishamfikisha karibu hiyo ya pili inatafuta mkono wako.

Kwenye mchanga tumia ya chubwi linaloteleza. Pitisha kwenye lida kibomba kidogo cha plastiki chenye klipu ya kutundika chubwi, kama huna basi swiveli yenye klipu inafaa, fuatisha shanga moja, halafu funga swiveli kubwa. Upande wa pili wa swiveli funga kipande cha mono ya pauni 80 au 100 chenye ndoana. Basi. Hicho kipande cha mwisho ndo kila mtu anakirefusha akidhani samaki ataogopa. Kifanye kifupi, sentimita 30 mpaka 50. Kifupi hakizunguki hewani, hakijisokoti kwenye mawimbi, na samaki akibeba chambo anakutana na uzito haraka, ndoana inaingia yenyewe. Kirefu kinampa nafasi ya kumeza mpaka tumboni kabla hujajua kitu.

Kwenye miamba ndo unahitaji ile inayonyanyua chubwi. Kata mono ya pauni 80, urefu wa mita moja hivi. Mwisho mmoja funga klipu ya chubwi. Sasa pitisha shanga, pitisha swiveli kupitia tundu lake moja tu iweze kukimbia, pitisha shanga nyingine, kisha mwisho uliobaki funga swiveli ya kawaida na kutoka hapo kipande cha ndoana, sentimita 50 mpaka 60. Lida yako inafungwa kwenye lile tundu la pili la swiveli inayokimbia. Ishike mkononi uone inavyofanya: vuta upande wa chubwi, ndoana inapanda, vuta upande wa ndoana, chubwi linapanda mpaka linagonga shanga. Maana yake samaki akishika na wewe ukivuta, chubwi linakuwa juu yake, haliburuzwi chini kwenye nyufa. Sijaona rigi nyingine rahisi hivi inayookoa samaki wengi kwenye mawe.

Kuna wanaofunga chubwi kwa kipande cha mshipi mwembamba ili likinasa likatike lenyewe na samaki abaki. Wazo zuri, ila usilirushe kwa nguvu, uzi mwembamba hauwezi kishindo cha kurusha na tumeshasema chubwi linalokatika hewani linafanya nini. Ziko klipu maalum zinazoshikilia chubwi likiwa angani kisha kuliachia likigusa maji, bila hiyo rusha taratibu tu.

Kuhusu umbo la chubwi sina mengi. Mchanga na mkondo wa kawaida, la piramidi. Mkondo mkali, lile la miguu ya waya, linang'ang'ania mchangani na ukivuta kwa nguvu miguu inakunjuka. Kwenye mawe weka la mviringo laini lisilo na kona, na usilipende sana kwa sababu utaliacha huko.

SWALI: Fundi mambo. Nimehamia ndoana za duara kwa sababu kila mtu anazisifia, sasa napigwa vizuri, fimbo inainama, navuta kwa nguvu, hamna kitu. Na zile za kawaida za umbo la J nilikuwa nakosa ila si hivi. Tatizo ndoana au mimi?

JIBU: Poa. Ni hilo neno lako "navuta kwa nguvu". Ndoana ya duara haitaki kuchomwa. Ncha yake imegeukia ndani, samaki anaibeba, anageuka kuondoka, ndoana inateleza mpaka kwenye kona ya mdomo na hapo ndo inazunguka na kushika. Ukiinyakua mapema unaitoa mdomoni ikiwa bado imelala. Acha fimbo kwenye kishikio chake, breki ya rili ikiwa imekazwa kiasi, subiri iiname na iendelee kuinama, kisha anza kuzungusha rili tu bila kuinua fimbo kwa pupa. Mara ya kwanza mikono itakuwasha, kaa nayo mfukoni.

Sababu ya pili ni chambo. Kati ya ncha na shina kuna uwazi, huo uwazi ndo mtego wenyewe, ukiujaza minofu ndoana haina pa kushika. Kipande cha samaki kitoboe mara moja tu kwenye kona, upande wa ngozi, kining'inie. Ngisi akiwa mrefu usimkunje kunja, mfunge kwa uzi wa elastiki juu kwenye shina na uwazi ubaki wazi. Chambo kikubwa kinataka ndoana kubwa, kwa hiyo kwa samaki wa kukusumbua anzia saizi 7/0 na ukiweka kichwa kizima cha samaki panda mpaka 10/0. Zitafute ambazo ncha haijapindishwa pembeni, ukiilaza mezani inalala bapa, hizo ndo zinashika kona ya mdomo bila kuumiza koo. Na ziwe za chuma kinachooza, zile zisizoshika kutu samaki akiondoka nayo itakaa naye sana.

Sababu ya tatu watu hawaiangalii, ni unavyoifunga. Fundo la kwenye shina linaifanya ndoana ijigeuze ikivutwa, lile la kwenye tundu tu linaiacha icheze cheze. Fanya hivi. Ingiza mono kwenye tundu kutokea mbele, yaani upande unaotazamana na ncha, toa kama sentimita 20 nyuma yake. Laza huo mkia kando ya shina kuelekea kwenye pinda, urudishe kuelekea kwenye tundu ili ubaki na kitanzi kimelala juu ya shina, bana yote kwa kidole gumba na cha shahada. Sasa mkia uzungushe kuzunguka shina na nailoni inayolala juu yake ukipita ndani ya kitanzi, mara 6 au 7, mizunguko ipangane bila kupandiana. Mate. Vuta mkia mpaka mizunguko ishike, halafu vuta mshipi mkuu, mizunguko itatelezea juu mpaka itagota chini ya tundu. Kata mkia uache milimita chache. Ukivuta mono sasa utaona ncha ya ndoana inajitokeza nje kidogo, inatafuta cha kushika. Ukiona inarudi ndani umeingiza kutokea nyuma, fungua.

Ukifika mono ya pauni 100 na kuendelea mafundo yanagoma kukaa, hata ukivuta na meno. Hapo hamia kwenye kripu, vile vibomba vya kubana. Kipenyo chake kilingane na mono, koleo liwe lile la kazi hiyo, na usibane mpaka kwenye midomo ya kibomba, acha ncha zote mbili zimefunguka kidogo, kwa sababu ukingo uliobanwa unakuwa kisu. Mkia uliotokeza uchome kwa kiberiti ugeuke kidonge, hautarudi ndani.

SWALI: Kufunga waya badala ya mono karibu na ndoana ni lazima?

JIBU: Kwa papa, nguru na wengine wenye meno ya kukata ndiyo, kwa wengine hapana. Kolekole, chewa na taa hawakati mono nene kwa jino, wao shida yao ni msuguano na nguvu, na waya utakupunguzia mipigo bure. Ukiweka waya weka kifupi, sentimita 40 mpaka 60 kutoka kwenye ndoana, juu yake iendelee mono nene ya kuvumilia ule mkia wa papa niliousema. Waya wa uzi mmoja unafungwa kwa kusokota, waya mkuu na mkia wake visokotane sawasawa kwanza, mara tatu na nusu angalau, ndo ufuate mizunguko ya kubana iliyolala. Watu wengi wanaruka ile misokoto ya kwanza wanakimbilia mizunguko, unafunguka kwa samaki wa kwanza mwenye nguvu. Ukimaliza usikate kwa koleo, kunja mkia uwe kishikio na uzungushe mbele nyuma mpaka uvunjike wenyewe, hautaacha mwiba wa kukuchana. Waya ukipata kona tupa, usijaribu kuunyoosha, pale pale ndo utakatikia. Kama hupendi hizo habari nunua waya laini wa nyuzi 49, unabanwa kwa kripu na unavumilia kukunjwa.

SWALI: Nikirusha chambo kinazunguka hewani, rigi inafika imejifunga yote, na umbali sipati. Nimejaribu fimbo mbili tofauti.

JIBU: Fimbo haihusiki. Chubwi lako jepesi kuliko chambo, au kipande cha ndoana kirefu, au vyote viwili. Kikiwa angani kizito kinatakiwa kitangulie na chepesi kifuate nyuma yake. Fupisha kipande, kata chambo kiwe chembamba na kirefu badala ya bonge, kifunge elastiki kisipepee. Kwenye ile rigi ya miamba unaweza kuongeza kiklipu cha plastiki juu tu ya chubwi, unatundika ndoana hapo, inasafiri imejificha nyuma ya chubwi na ikipiga maji inajiachia. Utaongeza umbali unaoonekana kwa macho. Ila kabla ya kuhangaika na umbali tazama maji, maana samaki wakubwa wengi wanapita kwenye mfereji ule wa kwanza ambapo mawimbi yanatulia kidogo kabla ya kupasuka tena, na kuna watu kila siku wanarusha juu ya vichwa vyao.

SWALI: Shanga nyekundu au kijani, ipi inavuta samaki?

JIBU: Shanga ipo hapo kulinda fundo lisigongwe na chubwi. Weka yoyote, iwe ngumu na tundu lake lisimeze fundo.

SWALI: Fundi, kila kitu nimefunga kama unavyosema siku zote, sasa breki nikaze kiasi gani? Na nikipata taa mkubwa nisiyemhitaji namtoaje?

JIBU: Tafuta sehemu dhaifu kuliko zote kwenye mpangilio wako, kwa kawaida ni mshipi mkuu au fundo lake la lida, kaza breki kwa robo ya nguvu yake, au mpaka theluthi ukitaka kukaza zaidi. Mshipi wa pauni 30 ni kama kilo 13 na nusu, kwa hiyo kilo 3 na nusu mpaka 4 na nusu zinatosha. Usikadirie kwa mkono, mkono unadanganya, funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, fimbo iwe imeinama kama unapigana na samaki, mwenzako avute mizani na wewe uguse breki mpaka ianze kuachia kwenye hiyo namba. Fanya hivyo nyumbani mchana. Na kumbuka samaki akishakimbia mbali spuli inabaki na mshipi mchache, breki ile ile inakuwa nzito zaidi bila wewe kuigusa, hapo legeza kidogo.

Taa usimburuze mpaka mchanga mkavu, wala papa. Mwache kwenye maji ya magotini, mwenzio ashike lida akiwa amevaa glavu na asiizungushe mkononi hata mara moja, mkia wa taa uangalie wewe, mwiba wake unafika mbali kuliko unavyodhani. Ndoana ikiwa pembeni mwa mdomo itoe kwa koleo refu. Ikiwa ndani kata mono karibu nayo uwezavyo umwachie aende, ndo maana tulichagua inayooza.